Ujazo wa Gesi Mbeya na Iringa: Kwa Nini Lita 22.4 Hazionekani Maabarani

Kila mwanafunzi wa kemia katika shule ya sekondari hukutana na tarakimu moja ambayo hutakiwa kuikariri: lita 22.4. Huo ndio ujazo wa moli moja ya gesi yoyote, iwe haidrojeni, oksijeni au kabonidayoksaidi, katika halijoto ya nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo la milimeta 760 za zebaki. Tarakimu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mbeya au wa Iringa anapoingia maabarani na kuipima gesi kwa mikono yake mwenyewe, hupata jibu lililo mbali sana na lile la kitabu. Ni rahisi basi adhani kwamba amekosea, afute alichokisoma kwenye chombo na kuandika kile anachodhani kinatakiwa. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu lake la kwanza huenda likawa ndilo sahihi, na jinsi anavyoweza kulithibitisha kwa hesabu.

MOLI, TUNGAMO NA UJAZO

Moli ni kipimo cha idadi, kama vile dazeni ilivyo kipimo cha idadi. Dazeni ya mayai ni mayai 12. Moli ya molekuli ni molekuli 6.02 × 10²³. Kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuhesabu molekuli moja moja, mwanakemia huzihesabu kwa kuzipima katika mizani, kama mwenye duka ahesabuvyo sarafu nyingi za aina moja kwa kuzipima uzito. Tungamo la moli moja ya kabonidayoksaidi ni gramu 44. La oksijeni ni gramu 32. La haidrojeni ni gramu 2. Kwa hiyo gramu 11 za kabonidayoksaidi ni robo ya moli, na gramu 88 ni moli mbili.

Njia ya kutoka tungamo hadi ujazo ina hatua tatu, na mwanafunzi asiruke hata moja:

1. Tungamo la dutu iliyopimwa ligawanywe kwa tungamo la moli moja ya dutu hiyo, ili kupata idadi ya moli.
2. Mlingano wa mmenyuko uliosawazishwa usomwe, ili kujua moli ngapi za gesi hutokana na moli hizo.
3. Idadi ya moli za gesi izidishwe kwa ujazo wa moli moja katika halijoto na kanieneo la mahali pale.

Hatua ya tatu ina historia yake. Mwaka 1808 Joseph Louis Gay-Lussac wa Ufaransa alionyesha kwamba gesi zinapoungana, ujazo wao huwa katika uwiano wa namba nzima ndogo. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Italia alitoa maelezo ya jambo hilo: ujazo sawa wa gesi mbalimbali huwa na idadi sawa ya molekuli, mradi halijoto iwe moja na kanieneo liwe moja. Wanafunzi wengi hukumbuka sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ile inayoanza na neno "mradi". Kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini, sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Walimu watambue pia kwamba neno "hali sanifu" halina maana moja katika vitabu vyote. Mwaka 1982 umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulipendekeza kanieneo sanifu liwe kilopaskali 100 kamili badala ya 101.3. Kwa kipimo hicho, moli moja ya gesi katika nyuzi 0 huchukua lita 22.7. Vitabu vinavyotoa lita 24 navyo vinazungumzia nyuzi 20 katika kanieneo la usawa wa bahari. Kabla ya kutumia tarakimu yoyote, ni lazima kuuliza: ni ya halijoto gani, na ya kanieneo gani?

HEWA YA NYANDA ZA JUU

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa mita 1,600 hivi. Hewa ina uzito, na kanieneo lake mahali popote hutokana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya mahali hapo. Anayepanda kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya huacha chini yake sehemu kubwa ya hewa hiyo. Matokeo yake ni kwamba kanieneo la hewa Mbeya ni kilopaskali 83 hivi, sawa na milimeta 622 za zebaki, na Iringa ni kilopaskali 84 hivi. Dar es Salaam ni kilopaskali 101.

Gesi huwa na ujazo mkubwa zaidi kanieneo linapopungua, na pia halijoto inapopanda. Ili kupata ujazo wa moli moja mahali popote, lita 22.4 huzidishwa mara mbili: kwanza kwa uwiano wa halijoto katika kipimo cha Kelvini, kisha kwa uwiano wa makanieneo. Kwa Mbeya, siku yenye nyuzi 20 za Selsiasi, yaani Kelvini 293, hesabu huwa hivi:

22.4 × (293 ÷ 273) × (101.3 ÷ 83) = lita 29.3

Kwa njia hiyo hiyo hupatikana jedwali lifuatalo:

Hali sanifu (nyuzi 0, kilopaskali 101.3): lita 22.4
Dar es Salaam (nyuzi 30, kilopaskali 101): lita 24.9
Iringa (nyuzi 20, kilopaskali 84): lita 29.0
Mbeya (nyuzi 20, kilopaskali 83): lita 29.3

Yafaa kulitazama jedwali hili kwa makini. Ingawa Mbeya ina baridi kuliko Dar es Salaam, na baridi huisinyaza gesi, bado moli moja ya gesi huchukua nafasi kubwa zaidi Mbeya. Upungufu wa kanieneo umeishinda athari ya baridi.

MFANO: UTEPE WA MAGNESIAMU

Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa Mbeya wamepima gramu 0.060 za utepe wa magnesiamu uliosafishwa, wakautia katika asidi ya hidrokloriki iliyo nyingi kuliko inayohitajika, na kukusanya gesi ya haidrojeni juu ya maji katika silinda yenye alama za ujazo. Chumba kina nyuzi 20. Mlingano ni huu:

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Tungamo la moli moja ya magnesiamu ni gramu 24. Idadi ya moli basi ni 0.060 ÷ 24, yaani 0.0025. Mlingano unaonyesha kwamba moli moja ya magnesiamu hutoa moli moja ya haidrojeni. Kwa hiyo moli za haidrojeni nazo ni 0.0025.

Mwanafunzi anayetumia lita 22.4 bila kufikiri atatabiri sentimeta za ujazo 56. Anayetumia lita 29.3 za Mbeya atatabiri 73. Lakini hata jibu hili la pili halijakamilika. Gesi iliyokusanywa juu ya maji huchanganyika na mvuke wa maji, na katika nyuzi 20 mvuke huo una kanieneo la kilopaskali 2.3. Kanieneo la haidrojeni yenyewe ni 83 kutoa 2.3, yaani kilopaskali 80.7. Hesabu kamili ni hii:

0.0025 × 22.4 × (293 ÷ 273) × (101.3 ÷ 80.7) = lita 0.0754

Yaani sentimeta za ujazo 75 hivi, maji ya ndani ya silinda yakiwa yamelinganishwa na ya nje. Tofauti kati ya 56 na 75 ni zaidi ya theluthi moja ya jibu la kitabu. Hakuna uzembe wa kusoma chombo unaoweza kueleza tofauti kubwa kiasi hicho, na mwalimu anayeandika "rudia" pembeni ya tarakimu 75 humwadhibu mwanafunzi kwa kupima vizuri.

Njia ya kurudi nyuma nayo ni muhimu. Mwanafunzi akisoma 75.4 kwenye silinda, anaweza kuihamishia katika hali sanifu:

75.4 × (273 ÷ 293) × (80.7 ÷ 101.3) = 56

Hapo ndipo kitabu na maabara vinapokutana. Ikumbukwe kwamba haidrojeni huwaka kwa mlipuko inapochanganyika na hewa. Moto wowote uwekwe mbali wakati wa jaribio hili.

SHULE ISIYO NA BAROMETA

Mwalimu anaweza kuuliza: kanieneo la hewa litajulikanaje katika shule isiyo na barometa? Tahadhari ya kwanza ni kutotumia tarakimu za taarifa za hali ya hewa bila kuzichunguza. Kanieneo linalotolewa katika taarifa hizo kwa kawaida limekwisha rekebishwa ili lilingane na usawa wa bahari. Kwa hiyo huweza kusomeka karibu kilopaskali 101 hata kwa mji ulio mlimani.

Njia iliyo rahisi ni kuchemsha maji. Maji huchemka pale kanieneo la mvuke wake linapolingana na la hewa iliyo juu yake. Katika usawa wa bahari hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Wapishi wa Mbeya wanajua kwamba maharage huchelewa kuiva huko; sababu ni kwamba maji ya sufuria iliyo wazi hayapandi kufikia nyuzi 100. Maji safi yanayochemka kwenye nyuzi 94 yanaonyesha kanieneo la kilopaskali 81.5, kwenye nyuzi 94.5, kilopaskali 83. Kwenye nyuzi 95, kilopaskali 84.5, na kwenye nyuzi 96, kilopaskali 87.7. Kipimajoto kishikwe ndani ya mvuke, juu kidogo ya maji, na kisigusane na chombo. Kosa la nusu nyuzi katika usomaji huleta kosa la kilopaskali 1.5 hivi, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na lile la kutumia kanieneo la bahari katika mji wa mlimani.

MAWE YA SONGWE NA GESI YA RUNGWE

Hesabu hizi haziishii maabarani. Magharibi ya mji wa Mbeya, huko Songwe, kuna chemchemi za maji ya moto na mawe ya chokaa yaliyotokana na maji ya namna hiyo. Maji yanayotoka chini ya ardhi hubeba kalsiamu haidrojenikabonati iliyoyeyuka. Yafikapo juu, ambako kanieneo ni dogo, kabonidayoksaidi hutoka na jiwe hubaki:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Mlingano unasema kwamba kwa kila moli ya jiwe iliyobaki, moli moja ya gesi imekwenda zake hewani. Jiwe hilo likichomwa ili kupata chokaa, au likitumiwa katika kiwanda cha saruji, hutoa tena moli nyingine moja:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tungamo la moli moja ya kalsiamu kabonati ni gramu 100. Tani moja ya kalsiamu kabonati safi, yaani gramu 1,000,000, ni moli 10,000. Ikichomwa yote, hutoa moli 10,000 za kabonidayoksaidi, ambazo ni kilogramu 440. Gesi hiyo ikishapoa hadi nyuzi 20, ujazo wake Mbeya ni lita 293,000, yaani mita za ujazo 293. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 144. Tani moja ya jiwe, ambayo gari dogo la mizigo huweza kuibeba, imeficha gesi ya kujaza madarasa mawili.

Kusini ya Mbeya, katika nchi ya volkano ya Rungwe, kabonidayoksaidi hutoka ardhini yenyewe. Huko Ikama gesi hiyo huvunwa, husafishwa na kutiwa katika mitungi, kisha hutumika, miongoni mwa mambo mengine, kutia povu katika vinywaji baridi. Gesi ya mitungi hiyo huuzwa kwa kilogramu, na jedwali lililotangulia linaonyesha sababu. Mtungi wenye kilogramu 25 una moli 568. Ukifunguliwa Mbeya kwenye nyuzi 20, hutoa gesi ya lita 16,600 hivi. Ukifunguliwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30, hutoa lita 14,100 hivi. Mnunuzi aliyelipia lita angebishana na muuzaji kila mahali. Tungamo halibadiliki kwa safari, na idadi ya moli haibadiliki.

Kwa sababu hiyo hiyo wanasayansi hutaja hali sanifu wanapolinganisha gesi za mahali mbalimbali. Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, linakadiriwa kuwa na kabonidayoksaidi iliyoyeyuka kiasi cha kilometa za ujazo 300 na methani kiasi cha 60, na tarakimu hizo huhesabiwa katika hali sanifu. Bila ya kutaja hali hiyo zisingekuwa na maana.

GESI KATIKA SHIMO

Gramu 44 za kabonidayoksaidi na gramu 29 za hewa huchukua ujazo ule ule. Kwa hiyo kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na mahali pasipo na upepo hukaa chini, mashimoni na mabondeni. Katika sehemu za Rungwe ambako gesi hutoka ardhini, kama ilivyo kandokando ya Goma ambako mashimo ya namna hiyo huitwa mazuku, wanyama wadogo hufa wakiingia humo. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi hiyo ilitoka kwa wingi katika Ziwa Nyos, Kameruni, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700.

Kiasi gani kinatosha kudhuru? Hewa ambayo sehemu yake ya kumi ni kabonidayoksaidi humpotezea mtu fahamu katika dakika chache. Shimo lenye upana wa mita 1 kila upande na kina cha mita 2 lina lita 2,000. Sehemu ya kumi ni lita 200. Zikigawanywa kwa 29.3, ni moli 6.8, zikizidishwa kwa 44, ni gramu 300. Gramu hizo mia tatu hazionekani wala hazina harufu.

Gesi hiyo hiyo hutengenezwa na hamira. Katika mkoa wa Iringa watu hugema ulanzi kutoka katika mianzi, na utamu wake hugeuka kuwa alkoholi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Ichukuliwe kwamba gramu 20 za sukari ya aina hiyo zimechachuka katika chupa moja. Gramu 180 ni moli moja. Kwa hiyo gramu 20 ni moli 0.111, nazo hutoa moli 0.222 za gesi. Katika hewa ya Iringa huo ni ujazo wa lita 6.4. Chupa ya lita moja iliyozibwa kwa nguvu haina pa kuuweka ujazo huo, na ndiyo sababu kizibo huruka au chupa hupasuka. Kwa upande wa shimo lililotajwa, sukari iliyochachuka ya gramu 614 tu hutosha kutoa zile gramu 300 za hatari. Mtu akianguka ndani ya kisima, tangi au ghala la chini lililofungwa kwa muda mrefu, wa pili asimfuate mbio mbio kumwokoa. Aite watu, na mahali hapo paingizwe hewa kwanza.

KILE KINACHOANDIKWA DAFTARINI

Katika mtihani, swali likitaja hali sanifu, mwanafunzi atumie lita 22.4, kwa sababu swali lenyewe limechagua hali hiyo. Katika maabara, hali huchaguliwa na mahali. Daftari la jaribio kwa hiyo liwe na mambo manne kila mara gesi inapopimwa: ujazo kama ulivyosomwa, halijoto ya chumba, kanieneo la hewa, na kama gesi ilikuwa kavu au ilikusanywa juu ya maji. Marekebisho yafanywe chini yake, na tarakimu ya kwanza isifutwe.

Iringa ina historia inayofaa kukumbukwa katika jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ungali moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipolisema alichekwa. Hakulifuta. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, ambaye alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la *Physics Education*. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya sababu za jambo hilo, na hata juu ya lini hutokea. Mabishano hayo yasingekuwapo kama mwanafunzi yule angeandika kile alichotarajiwa kukiona.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gramu 0.50 za kalsiamu kabonati safi zimetiwa katika asidi ya kutosha huko Iringa, nyuzi 20, kilopaskali 84. Gesi kavu itakuwa na ujazo gani? Ingekuwa na ujazo gani katika hali sanifu?

2. Wanafunzi wa Mbeya wamekusanya juu ya maji sentimeta za ujazo 100 za oksijeni katika nyuzi 20 na kilopaskali 83. Tafuta tungamo la oksijeni hiyo.

3. Mtungi wa kilogramu 10 za kabonidayoksaidi umesafirishwa kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam. Linganisha ujazo wa gesi yake katika miji hiyo miwili kwa kutumia jedwali.

Majibu: (1) Sentimeta za ujazo 145; katika hali sanifu 112. (2) Moli 0.0033, yaani gramu 0.106. (3) Moli 227: lita 6,660 hivi Mbeya, lita 5,660 hivi Dar es Salaam, tungamo ni lile lile.